Punje Kumi na Moja

Watu hudhani nesi wa watoto huchoka miguu. Miguu huchoka, sikatai, lakini miguu ukiinyoosha jioni, asubuhi inakubeba tena. Mimi nilichoka mahali pengine, na dalili ya kwanza haikuwa machozi wala homa. Nilianza kuwachukia akina mama.

Niliwachukia kwa maswali yao. Niliwachukia kwa namna walivyosimama wima nilipopita, kana kwamba roho za watoto wao nimezitia mfukoni mwa aproni. Mtu akiniamkia nilitikisa kichwa tu na kupita, mimi niliyelelewa kwenye kambi ya mkonge kule Mnyuzi, ambako mtoto asiyeitikia salamu alichapwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, na akifika nyumbani anaongezewa.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mvua ilikuwa imeisusa Handeni misimu miwili. Sisi wa Korogwe tulipata manyunyu, tukavuna vya kubahatisha. Handeni hawakuvuna kitu. Malori yaliyopeleka chakula huko yalirudi kwetu na watoto, miguu imevimba, nywele zimepauka, ngozi inabanduka mapajani, na macho hayakufuati hata ukipita na kijiko. Wodi yetu ilikuwa na vitanda ishirini na manesi wawili. Halafu asubuhi moja mwenzangu alivua kofia yake katikati ya kazi, akaiweka juu ya meza ya dawa, akatoka akashika njia ya stesheni. Hakugombana na mtu yeyote. Mimi nilimcheka, nikasema huyo alidekezwa kwao. Nikabaki peke yangu mchana kutwa na mama mmoja mfagiaji, nikingoja nesi mwingine aletwe, na miezi mitatu ikapita hajaletwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na kiburi cha kuwatosha watu wazima watatu.

Sasa niseme habari ya punje, maana ndizo zilizoniumbua.

Watoto wale walinyweshwa maziwa ya unga kwa kipimo, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, mara sita tangu alfajiri mpaka saa kumi jioni. Si pungufu, na hasa si zaidi. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu tumbo lake limesahau kazi. Ukimjaza kwa kumhurumia, unamwua kwa mkono wako mwenyewe. Hilo tulifundishwa mpaka tukaliota. Lakini mtu mmoja kwa watoto ishirini, huyu anatapika, yule anatetemeka, mara daktari anaita, mara lori limefika, nikirudi kitandani sikumbuki kama huyu nimeshamnywesha au bado. Kadi za kuandikia zilikuwepo, ila kalamu iko mezani na mikono yangu imejaa maziwa. Ndipo nikabuni. Nilitundika kikombe cha bati kwenye kila kitanda, upande wa miguuni, na mfukoni nikaweka punje za mahindi. Nikimnywesha mtoto, natia punje moja kikombeni. Raundi ya tatu kila kikombe lazima kiwe na punje tatu. Penye mbili, huyo amerukwa, mpe. Jioni nahesabu, najaza kadi, narudisha punje zote kwenye mkebe.

Mahindi yenyewe yalitoka kwa shangazi yangu wa Makuyuni. Yalikuwa meupe, punje nene, mbegu ya kwao ya miaka mingi ambayo yeye mwenyewe aliichagua kutoka katikati ya gunzi na kuitundika juu ya moshi wa jikoni isiliwe na wadudu. Aliponipa alinuna. Alisema mbegu si kitu cha kuchezea. Nikamwambia hapa hatuchezi.

Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza, mama mwenye mvi, tukimwita Sista. Alipoviona vikombe vile alisimama akavitazama kimoja kimoja mpaka cha ishirini, kisha akasema, "Hii ni akili." Kesho yake akamleta na daktari aone. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu siku hiyo niliacha kuwatazama watoto, nikawa natazama vikombe.

Mwanzoni nilimweleza kila mama aliyefika: punje hii ni maziwa ya mwanao, usiiguse, nami nikipitiwa unikumbushe. Walikuwa walinzi wazuri kuliko kalamu yoyote. Mwanzoni pia nilijua majina ya watoto, nikiwaita wakati wa kuwaosha, na mmoja wao alikuwa akicheka kila nikikosea la kwake. Kisha wakaanza kufa. Pale kwetu mtoto akifa godoro lake lilitolewa siku hiyo hiyo likaanikwa uani juani. Kitanda cha aliyepona tulikibadilisha shuka tu. Juma la kwanza la vifo nililia ndani ya chumba cha shuka. Juma la nne nilitoa godoro, nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai, na chai ilikuwa tamu. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Sikuogopa hata kidogo, niliona nimekomaa. Moyo ulikuwa umeota sugu na mimi nikaiita sugu hiyo uzoefu. Majina nikayaacha. Nikawa nasema nne katapika, tisa kalala, kumi na sita hana haja ya shuka mpya. Mfagiaji naye akafuata, na hata Sista baada ya muda akawa anasema hivyo hivyo.

Chumba changu kilikuwa Manundu, nyuma ya duka la mshona viatu. Nilikuwa nikirudi nakaa kitandani na viatu miguuni, sili, sizungumzi. Mtoto wa jirani akilia nilihisi hasira, hasira ya kweli ya kutaka kumziba mdomo, kisha nikajiona mimi ni mtu mbaya, kisha nikachoka hata kujiona mbaya. Hatukuwa na neno la hali ile. Tuliiita uchovu, na uchovu dawa yake ni kuamka mapema.

Lori lililomleta mama wa kitanda cha saba lilikuja na watoto sita kwa mpigo. Nilikuwa nimekaa na daftari la kuandikishia magotini, naandika bila kuinua kichwa. Mama yule alikuwa mkulima wa Kizigua, mrefu, labda wa miaka thelathini na mitano, amevaa kaniki iliyofifia, na mtoto wa kike wa miaka miwili hivi begani. Alianza kusema kitu. Nikamwinulia kiganja. "Kitanda cha saba," nikasema. "Haya, mwingine." Habari ya kikombe sikumweleza. Nilikuwa nimeieleza mara nyingi mno hata nikahisi kila mwanamke wa Handeni anapaswa kuwa ameshaisikia.

Siku mbili za kwanza yule mtoto alinyanyuka. Aligeuza shingo, na nilipoinama kumnywesha alishika kifungo cha gauni langu. Nikamtoa mkono, nikaendelea na wa nane. Siku ya nne tumbo likakaza. Siku ya tano akaharisha mara nyingi kuliko nilivyoweza kubadilisha nepi. Siku ya saba alikuwa anapumua kwa haraka, midomo mikavu, na Sista akasimama pale saa tatu asubuhi akiwa ameshika kadi.

"Mara sita, mara sita, mara sita," alisoma. "Kadi ni safi. Kwa nini mtoto ni mbaya?"

"Sijui, Sista."

"Kuna mtu anamlisha."

"Ni mama yake," nikasema. "Hawa hawaachi, Sista. Wanawapa dawa za miti."

Sikuwa nimeona dawa yoyote. Nilisema kwa sababu lilikuwa jibu la karibu, na kwa sababu nilitaka mtu mmoja apungue wodini. Mama mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, ananitazama mdomoni nikilisema. Sista hakuuliza mara ya pili. Akaamuru mama atoke, na saa nane apande lori la chakula arudi kwao. Mtoto abaki, na akipona ataletwa. Mama akasimama. Hakulia wala hakubisha. Alimfunika mtoto miguu, akatoka.

Raundi ya saa nne mtoto akafunga meno. Nilijaribu kwa kijiko, nikajaribu kwa kidole, nikamziba pua kidogo kama tulivyofanya kwa wakaidi. Maziwa yakamtoka pembeni. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa mlangoni. Mtoto anayeharisha asipokunywa mchana mmoja, jioni unatoa godoro. Hilo nililijua kama ninavyojua njia ya kwenda nyumbani. Na kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliogopa. Nikaamua ni hasira. Nikatoka kwenda kumtafuta mama yule anieleze ni dawa gani alimpa.

Nilimkuta nyuma ya jiko la hospitali, ameegemea ukuta peke yake. Wanawake wengine walikuwa wamekaa upande wa pili wa jiko; habari ilikuwa imeshawafikia. Mmoja wao aliniambia kwa sauti ya chini nilipompita, "Mwenye njaa hana miiko, nesi."

"Mama, naomba hiyo dawa," nikamwambia.

"Dawa gani, mwanangu?"

"Hiyo uliyoifunga."

Maana nilikuwa nimeona fundo kwenye pindo la kaniki yake, nene kama ndimu, na nilipolitazama alilifunika kwa kiganja. Nikapiga magoti mbele yake, nikatandaza aproni. Nikasema fungua, au nitamwita Sista aje afungue mwenyewe. Alilifungua polepole kwa meno. Zikaanguka punje za mahindi kwenye aproni yangu, nyeupe, nene, zinanukia moshi wa jiko la shangazi.

"Nisamehe," akasema. "Niliona jioni unazimwaga zote mkebeni, nikajua ni mchezo wa kuwatuliza watoto. Nikachukua moja moja, nisikumalizie. Sisi kwetu mbegu imekwisha. Misimu hii miwili tumepanda mara tatu, mara tatu jua limeiunguza."

Mama waliokuja na wagonjwa walipewa bakuli moja la uji kwa siku. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imechomoza, ungeweza kuishika.

"Kwa nini hukuzitafuna?" nikamwuliza.

Akanishangaa. "Mbegu hailiwi."

Nikazihesabu. Kumi na moja. Nikazihesabu tena nikiomba niwe nimekosea. Kila punje iliyotoka kikombeni ilimaanisha mimi nimefika pale, nimeona pengo, nimesema huyu amerukwa, nikampa tena. Nikatia punje nyingine, na jioni hesabu ikawa sita, kadi ikawa safi. Ningemtazama mtoto mara moja tu, ningeona midomo yake bado ina maziwa.

"Mama," nikasema, "nilipata kumpa maziwa mara mbili kwa mkupuo?"

Akainama karibu, akashusha sauti wenzake wasisikie, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza. "Mara nyingi. Nikasema moyoni, huyu nesi ukali wake ni wa mdomo tu, anampenda mwanangu. Nikanyamaza, wenzangu wasije wakaona wivu."

Nilizirudisha punje kwenye pindo lake, nikalifunga fundo mimi mwenyewe. Nikamwambia akae pale pale. Kisha nikarudi wodini bila kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu.

Nataka kusema kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa Sista, lakini sikwenda. Nilianza raundi ya saa sita. Kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku kichwani napanga hoja. Mama yule angerudi kwao hata hivyo. Mtoto anabaki, na tangu sasa nitampa kwa kipimo, hakuna atakayejua. Nikifukuzwa, nani atawanywesha hawa kumi na tisa? Na baba yangu je, aliyewapitisha wazee wote wa kambini waje waone gauni langu jeupe kwenye kamba ya kuanikia? Hoja zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa za kwangu mimi. Nikafika cha saba. Mtoto hakufunga meno tena, alikuwa hana nguvu ya kuyafunga. Maji niliyomtia yalikaa mdomoni, hayakumezwa. Nikamwita, nikasema "Wewe," kisha nikasema "Saba," kisha nikasema "Saba, mama, kunywa," na macho yakabaki mlangoni.

Nje lori likaanza kunguruma. Dereva alikuwa analipasha moto mapema.

Sista alikuwa anaandika. Nilisimama mbele ya meza yake na nikasema yote kwa mpigo, punje, fundo, mara kumi na moja, na kwamba habari ya dawa niliitunga. Kalamu yake ilisimama. Alikuwa mtu wa hasira fupi na nilingoja inishukie kichwani.

"Nani alibuni punje?" akauliza.

"Mimi, Sista."

"Nani alisifu?"

Nikatazama kalamu yake.

"Jibu."

"Wewe, Sista."

"Basi tuko wawili," akasema, na akasimama. "Mshushe mama yule. Kimbia."

Manesi hawakuruhusiwa kukimbia. Nilikimbia. Lori lilikuwa limeshageuza, linatoka langoni, na mama amekaa juu ya magunia, mgongo kwetu. Nikaingia barabarani mbele yake nikainua mikono. Dereva alifunga breki na kunitukana tusi ambalo sitaliandika. Mama aligeuka, akaniona.

"Amekufa?" aliuliza kutoka juu kule.

"Hapana. Anakutaka. Shuka."

Alishuka kwa kuteleza kwenye magunia, akaanza kwenda mbio kabla yangu. Nilimshika mkono. Nilijua nisipolisema hapo, nikiingia wodini nitapata tena hoja.

"Si wewe, mama. Dawa hukumpa, nilisema uongo. Yale maziwa ya mara mbili ndiyo yaliyomwumiza. Nilikuwa nayatoa kwa kuhesabu punje, na punje zikipungua mimi sijui. Sikuwa namtazama."

Alisimama. Nilidhani hakunielewa, nikataka kurudia kwa maneno mengine. Lakini alikuwa ameelewa vizuri.

"Kwa hiyo hukumpenda," akasema.

Hakulisema kwa ugomvi. Alilisema kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota njiani akidhani ni chake. Tukaingia ndani, akamchukua mtoto, akampakata, akamwambia maneno ya Kizigua sikioni. Sista alileta maji yaliyotiwa sukari na chumvi kidogo. Kijiko cha kwanza kilirudi. Cha pili kilirudi. Cha tatu koo likasogea, sote watatu tukaliona likisogea. Mpaka saa kumi alikuwa amemeza nusu kikombe.

Jioni Sista akaniambia nisije kazini kesho. Wala kesho kutwa. Wiki mbili.

"Nani atawanywesha?"

"Mimi," akasema, na akaanza kukunja mikono ya gauni lake. Vikombe vyote alikuwa ameshaviteremsha, vimepangwa mezani, vitupu. Sikujua kama ananihurumia au ananifukuza kwa adabu, na sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Nikapanda treni kwenda Mnyuzi. Baba alikuwa amezeeka lakini bado anakaa kambini, kwenye nyumba ile ile ya mistari. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama, akanionyesha mkeka. Nililala siku mbili kama mzigo. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta uani anamenya mihogo, nikachukua kisu nikamsaidia, na bila kuulizwa nikamsimulia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Saba."

"Saba nani?"

"Kitanda cha saba, baba. Ndivyo tunavyowaita."

Akaweka kisu chini. Nilijua kwamba baba aliletwa kutoka kusini akiwa kijana, na kundi la manamba, vibarua walioitwa kwa namba, kukata mkonge. Kila mtoto wa kambini alijua hivyo habari ya baba yake. Lakini namba yenyewe sikuwahi kuisikia ikimtoka.

"Mimi nilikuwa mia nne na kumi na mbili," akasema. "Mnyapara anaita, naitika. Miaka mitatu. Nilipomwoa mama yako, jioni ya kwanza akaniita jina langu. Nikageuka nyuma kutazama anamwita nani." Akachukua muhogo mwingine, akaugeuza geuza mkononi. "Ulipokwenda kusomea kazi hii nilifurahi. Nikasema mwanangu hatakuwa namba. Sikufikiri kwamba atakuwa mnyapara."

Kisha akaendelea kumenya. Mimi nilianza kulia, na nililia mpaka adhuhuri, vifo vyote vile, kimoja kimoja, na mwenzangu aliyeacha kofia mezani, na kifungo cha gauni nilichomtoa yule mtoto mkononi. Baba hakunibembeleza. Alichemsha mihogo, akaniwekea, akakaa karibu. Siku zilizobaki nilikula, nililala, niliamkia wazee wa kambini mlango kwa mlango kama mtoto. Na niliazimia kitu kimoja: nikirudi, kabla ya kuvua koti, nitamwuliza mama yule jina la mwanawe.

Treni ya kurudi Korogwe ilinyeshewa njia nzima. Niliingia lango la hospitali mvua ikiwa imekatika na jua limetoka kali, na nikaona godoro uani. Moja tu, limeegemezwa ukutani, upande wa dirisha la kitanda cha saba.

Sijui nilifikaje mlangoni. Ndani palikuwa na nesi mpya, msichana mwembamba aliyeletwa juma lililotangulia, na kitanda cha saba kilikuwa chuma kitupu. Nikamshika mabega. Nadhani nilimtisha.

"Wa saba amekufa lini?"

"Hajafa, dada," akasema. "Wameondoka jana. Mama yake alikataa kungoja. Alisema kwao mvua imeshika na mbegu anayo."

"Na godoro?"

"Mimi naanika yote, dada. Tulifundishwa hivyo."

"Mtoto alikuwaje?"

"Mgongoni. Analia, anataka kushuka atembee."

Nilikaa juu ya vile vyuma vya kitanda nikacheka, na kucheka kukageuka, na yule msichana akaniletea maji. Nilipotulia nikakumbuka nilichokuwa nimekuja nacho moyoni kutoka Mnyuzi. Mama alikuwa ameondoka, na yule msichana naye alimjua mtoto kwa kitanda tu, lakini daftari lipo. Nikalichukua, nikafungua ukurasa wa lori lile.

Mwandiko ulikuwa wangu, wa mviringo, mzuri, nilioshindania shuleni. Kijiji hakuna. Umri, miaka miwili. Penye nafasi ya jina niliandika: Kitanda cha 7. Juu yake kitanda cha tano, chini yake cha kumi na moja, ukurasa mzima na nusu ya uliofuata, na karibu nusu ya hao magodoro yao niliyatoa mimi.

Watu wa kwetu na wa kazini niliowataja humu nayajua majina yao, na nimeyaacha kwa kuwastahi. La mtoto yule sikuliacha, silijui. Mama yake alikuwa anaanza kunitajia siku ile walipofika, nami nikamwinulia kiganja.